Moto Haujui Mpaka wa Kijiji

 

Leo hatutazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Tutazungumza juu ya jirani. Sisemi yule ambaye nyumba yake inatazamana na yako, maana huyo mnajuana na mnaazimana jembe na chumvi. Nasema jirani wa ng'ambo ya mpaka. Nasema kijiji kile chenye mwenyekiti wake, mtendaji wake na muhuri wake. Nasema halmashauri ile yenye Mkurugenzi wake, magari yake na fungu lake la fedha. Siku ya dharura, jirani huyo atakusaidiaje? Nawe utamsaidiaje? Na je, mmekwisha kupatana, au mnangoja siku yenyewe ifike ndipo mtafutane?

Sasa, hebu tuelewane kwanza juu ya neno dharura. Ziko dharura kubwa ambazo nchi nzima husikia. Mwezi Machi 2015 mvua ya mawe na upepo mkali vilipiga kijiji cha Mwakata, wilayani Kahama, na watu zaidi ya 40 wakafa. Desemba 2023 matope yalishuka kutoka mlima Hanang yakafunika sehemu za mji mdogo wa Katesh na vijiji vya karibu. Shida kama hizo zikitokea, viongozi hufika, majeshi hufika, Msalaba Mwekundu hufika, na misaada hutoka mikoa ya mbali.

Lakini ziko dharura nyingine ambazo hazifiki redioni. Ngitili imeungua mchana mmoja. Viwavijeshi wamekula mahindi ya kitongoji kizima. Kalavati limezolewa na maji na mama mjamzito yuko upande usio na zahanati. Ghala la pamba la chama cha msingi linafuka moshi saa nane ya usiku. Kwa taifa hayo ni mambo madogo. Kwa wewe mwenye ngitili ile, au mwenye pamba ile, hakuna kubwa zaidi ya hapo. Na kwa kuwa ni madogo, hakuna atakayetoka mbali kuja. Atakayekuja ni wa karibu, na mara nyingi huyo wa karibu yuko ng'ambo ya mpaka.

Tutazame mipaka yetu ya Simiyu ilivyo. Hadi mwaka 2012, Bariadi ilikuwa wilaya kubwa katika mkoa wa Shinyanga, pamoja na Maswa na Meatu. Mwaka huo mkoa wa Simiyu ulianzishwa. Itilima ikakatwa kutoka Bariadi, na Busega ikakatwa kutoka wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza. Leo mkoa una wilaya tano na halmashauri sita, kwani Bariadi peke yake ina mbili: ya mji na ya wilaya. Faida yake tunaijua sote. Mkulima wa Itilima leo anakwenda Lagangabilili kutafuta huduma ya halmashauri, haimpasi kufika Bariadi. Mkulima wa Busega anakwenda Nyashimo.

Lakini kila jambo lina upande wake wa pili. Vijiji viwili vilivyokuwa chini ya halmashauri moja sasa viko chini ya mbili. Greda, gari la wagonjwa, bomba za kupulizia dawa na mtaalamu wa kilimo vilivyokuwa katika nyumba moja, sasa viko katika nyumba mbili. Gari la halmashauri haliondoki bila ruhusa na bila mafuta, na mafuta hayo yana fungu lake. Dereva hata akiwa na huruma namna gani, hawezi kuvuka tu akaenda kwa jirani. Kwa hiyo mipaka ikiongezeka, haja ya kupatana nayo huongezeka. Maji ya mto Duma huingia mto Simiyu na kwenda zake ziwani bila kuuliza yamefika wilaya ya nani. Moto nao ni hivyo hivyo, na viwavi, na tembo.

Pengine unasema: mambo ya halmashauri ni ya wakubwa, mimi mkulima yananihusu nini? Yanakuhusu sana, kwani kijiji chako nacho ni serikali. Sheria ya mwaka 1975 ilivipa vijiji serikali zake, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 ikaendeleza jambo hilo. Halmashauri ya kijiji iliyoandikishwa ni chombo kamili mbele ya sheria. Yaweza kumiliki mali, yaweza kushtaki na kushtakiwa, na yaweza kuandikiana mapatano. Basi vijiji viwili vinaweza kupatana kwa maandishi, vikapiga mihuri, na karatasi hiyo ikawa na uzito.

Tena jambo hili si geni kwetu. Hapa Usukumani tangu zamani mtu akipatwa na hatari hupiga mwano, yaani yowe la kuomba msaada. Anayesikia huacha kazi yake, hushika silaha au jembe, hukimbilia sauti inakotoka, naye hupiga mwano ili wa mbele wasikie. Mwano haukuulizia mpaka. Miaka ya 1981 na 1982, wezi wa ng'ombe walipozidi katika Shinyanga na Tabora, sungusungu walitumia njia hiyo hiyo. Nyayo za ng'ombe ziliachwa na kijiji hiki zikapokewa na kijiji kile, na asiyeitika mwano alitozwa faini. Wezi wakapungua.

Lakini historia hiyo ina somo la pili. Mahali pengine, kwa kukosa utaratibu ulioeleweka, watu walijichukulia sheria mikononi na wasio na hatia wakaumizwa. Ndiyo maana nguvu ya watu wengi inataka kanuni. Watu mia wanaokimbilia hatari bila kujua nani anaongoza, waweza kuongeza hatari yenyewe.

Basi tuanze na moto, kwani huo ndio unaotutia hasara kila kiangazi.

Ndugu mfugaji, wajua thamani ya ngitili. Unaifunga mvua zinapoanza, nyasi zinakua, na kiangazi kikikaza unaifungua ng'ombe wale. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, tuliouita HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki zilihesabiwa kuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipomalizika mwaka 2004 hesabu ilikuwa zaidi ya hekta 300,000. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwamo katika kazi hiyo. Kwa jasho hilo lote, ngitili ya miaka mingi huweza kuteketea kati ya saa sita na saa kumi mchana.

Na hasara haiishii kwenye nyasi. Fikiri mwenyewe. Ngitili imeungua Agosti. Septemba na Oktoba ng'ombe wanakonda. Wengine unawauza mnadani kwa bei ya kutupa, maana kila mnunuzi anajua una shida. Novemba mvua inanyesha, na maksai hawana nguvu ya kuvuta plau. Jirani mwenye maksai wazima analima kwake kwanza. Wewe unapanda pamba na mahindi umechelewa. Hivyo moto wa Agosti umekula mavuno ya mwaka unaofuata.

Sasa tuchukue mfano wa vijiji viwili. Kimoja tukiite kijiji cha juu, na cha pili tukiite kijiji cha bondeni. Kati yao upo mpaka wa wilaya. Moto unaanza kijiji cha juu, labda mtu alikuwa akirina asali, labda alikuwa akisafisha shamba. Upepo unaelekea bondeni. Watu wa bondeni wanauona moshi. Wanasema, "Ule ni wa kwao." Wanaendelea na kazi. Jioni moto umefika kwao, na sasa wao ndio wanaopiga mwano, na watu wa juu wamechoka na wamekasirika. Wahenga walisema, mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Hawa hawakutia maji.

Je, ingekuwaje kama wangekuwa wamepatana? Kwanza, simu ingepigwa mara moja. Kijiji cha juu kinaanza kupambana, na kijiji cha bondeni hakingoji moto ufike. Kinatuma nusu ya watu wake kwenda kusaidia, na nusu inabaki kufyeka ukanda wa kuzuia moto upande wake. Pili, wangejua nani anaamuru. Hili nalisisitiza. Watu wengine huzima moto kwa kuwasha moto wa kukabili, yaani kuchoma nyasi mbele ya moto unaokuja ili ukose chakula. Njia hiyo ina hatari kubwa, na haifai kufanywa na asiyeijua. Vikundi viwili vikifanya hivyo kila kimoja kwa akili yake, vyaweza kuwafungia wenzao katikati ya moto miwili. Kwa hiyo mkuu wa moto awe mmoja tu, naye awe wa kijiji kinachoungua, kwani ndiye anayezijua njia, mabonde na visima vya pale. Mgeni, hata akiwa mwenyekiti kwao, hapo ni msaidizi.

Tatu, wangepumzishana. Moto wa nyasi huzimika kwa urahisi zaidi jioni, usiku na alfajiri, jua na upepo vinapopungua. Lakini saa hizo waliopambana mchana kutwa hawana nguvu tena. Hapo zamu ya pili kutoka kijiji cha jirani ina faida kuliko umati uliokuja wote pamoja mchana.

Pamba ndiyo inayotufundisha vizuri zaidi jambo hili la zamu. Mkoa wetu unaongoza kwa pamba katika nchi hii, na msimu wa ununuzi ukifunguliwa maghala ya vyama vya msingi hujaa. Pamba ikishika moto, kumwagia maji juu hakutoshi. Moto hujificha ndani ya lundo au robota, ukala polepole pasipo mwali, siku moja, mbili, hata zaidi. Ninyi mmekwenda kulala mkidhani umekwisha, upepo unavuma, unaibuka upya. Inapasa lundo lifunuliwe, pamba inayofuka itengwe nje mbali na ghala, na walinzi wakae hapo mchana na usiku. Kijiji kimoja hakiwezi kulinda usiku tatu mfululizo wakati wa mavuno. Vijiji viwili vinaweza.

Usisahau pia kupiga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112 ya polisi. Ni kazi yao, na ni haki yako kuwaita. Lakini gari lao likiwa mjini na wewe uko mwisho wa njia ya vumbi, jirani ndiye atakayefika kwanza.

Sasa tuje kwenye wadudu. Viwavijeshi ni watoto wa nondo. Nondo huruka usiku na kuchukuliwa na upepo, hutua mvua inaponyesha, na kila jike hutaga mayai kwa mamia. Mayai huanguliwa baada ya siku chache. Viwavi wakiwa wadogo ni vigumu kuwaona, maana wana rangi ya kijani kama jani lenyewe. Wakishakuwa weusi na kutembea kwa makundi, kila mtu anawaona, lakini hapo wamebakiza siku chache tu za kula, na katika siku hizo ndipo wanapokula kupita kiasi. Halafu huingia ardhini, na baada ya kama wiki moja au zaidi kidogo hutoka nondo wapya, wakaruka kwenda wilaya nyingine.

Unaona maana yake? Habari ya viwavi kutoka kwa jirani ni onyo kwako. Kijiji cha jirani kikiwaona leo, wewe nenda shambani leo hii, funua majani, tazama, kabla hawajawa weusi. Dawa ikipulizwa wakati wa udogo wao ndiyo yenye faida. Kijiji kinachoficha habari kwa kuona aibu, au kwa kuogopa kwamba jirani atakimbilia dawa kabla yake, kinajidhuru chenyewe, kwani viwavi wa jirani ambao hawakuuawa ndio nondo wa kesho.

Kwelea kwelea nao ni hivyo. Ndege mmoja hula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Unaona ni kidogo, lakini kundi la ndege milioni moja ni tani 10 kila siku. Tena malalio yao yaweza kuwa katika halmashauri moja na mtama au mpunga wanaoula uko katika halmashauri ya pili. Mwenye malalio haoni hasara, na mwenye hasara hayaoni malalio. Pasipo kupashana habari, mtaalamu wa kupuliza dawa hataambiwa pa kwenda. Basi ukiyaona malalio kwako, toa habari kwa ofisa kilimo, ijapokuwa shamba lako halijaguswa.

Na sasa tembo. Ninyi mlio karibu na hifadhi ya Serengeti, pori la akiba la Maswa na pori la Kijereshi, hamhitaji kuelezwa. Lakini hebu tuulizane kwa ukweli: usiku ule mnapowafukuza tembo kwa madebe, tochi na mavuvuzela, mnawafukuza kwenda wapi? Mara nyingi mnawapeleka kwenye mashamba ya kijiji cha pili, ambako watu wamelala. Watu wanatoka gizani bila kujua, wanakutana na tembo waliokwisha kukasirishwa. Hapo ndipo watu hufa. Simu moja ingetosha: "Jamani, wanakuja kwenu, ni watano, wamepita upande wa bwawa." Kijiji kinachofukuza tembo bila kumwarifu jirani kimemhamishia jirani kifo. Neno hili ni zito, lakini ni la kweli.

Katika mapatano yenu basi andikeni hivi: tembo wakionekana, kijiji kilichowaona kinaarifu vijiji vyote vya upande wanakoelekea, na ofisa wanyamapori anaarifiwa wakati huo huo. Tembo aachiwe njia ya kurudi porini, asizungukwe. Na asubuhi vijiji vyote vilivyopitiwa vitoe taarifa, kwani kifuta jasho cha mazao hakipatikani bila ofisa kuja shambani kutathmini.

Sasa tufike kwenye mapatano yenyewe. Usiogope ukadhani ni kitabu kikubwa. Ukurasa mmoja au miwili yatosha. Nashauri yawe na mambo sita.

Jambo la kwanza: nani anaita, na anamwita nani. Kila kijiji kitoe majina mawili, wala lisiwe moja, na namba zao za simu. Ziandikwe kwenye ukuta wa ofisi za vijiji vyote viwili. Mtu akihama au akibadilisha namba, karatasi ibadilishwe siku hiyo. Na simu isipopatikana, mwano upo.

Jambo la pili: nini kitatolewa. Hesabuni mlivyo navyo kweli: watu wenye nguvu, mapanga, bomba za kupulizia, mapipa ya maji, mikokoteni ya ng'ombe. Andikeni pia msichoweza kutoa. Kila kijiji kibakize nguvu ya kulinda kwake, maana cheche ikiruka, mtakuta kwenu hakuna mtu.

Jambo la tatu: nani anaamuru. Tumekwisha kulizungumza. Ni wa kijiji chenye shida.

Jambo la nne: nani analipa. Hapa ndipo urafiki mwingi huvunjika. Mfano mmoja mzuri uko Marekani. Kimbunga kilichoitwa Andrew kiliwapiga mwaka 1992, na baada yake majimbo yao yakaandikiana mapatano ya kusaidiana, ambayo Bunge lao liliyakubali mwaka 1996. Kanuni yao kuu ni nyepesi: anayeomba msaada ndiye anayerudisha gharama, na jambo hilo linajulikana kabla ya msaada kuondoka. Sisi twaweza kufuata kanuni hiyo kwa kipimo chetu. Kwa mfano, siku ya kwanza wageni waje na chakula chao na wasidai kitu. Kuanzia siku ya pili, wenyeji walishe. Bomba likiharibika kazini, wenyeji walitengeneze. Dawa iliyotumika irudishwe dawa kwa dawa msimu ujao. Ninyi mnaweza kupanga vingine, lakini pangeni.

Jambo la tano: aliyeumia. Kijana wa kijiji cha pili ameungua mguu akiokoa ghala lako. Nani atampeleka hospitali? Nani atalipia dawa? Nani atalima shamba lake wakati amelala? Kijiji kinachosema "tutaona" siku hiyo, kiangazi kijacho hakitapata mtu wa kukisaidia.

Jambo la sita: mwisho wa kazi. Wageni wasiondoke mmoja mmoja. Waondoke kwa ruhusa ya mkuu wa kazi, wakiwa wamehesabiwa, ili ijulikane hakuna aliyebaki nyuma. Na katika muda wa wiki moja viongozi wa pande zote wakutane, waulizane nini kilikwenda vizuri na nini kilikwenda vibaya, wakasahihishe karatasi yao.

Mapatano hayo yapelekwe wapi? Kwanza kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wananchi wote wayasikie na kuyakubali, maana ndio watakaokimbia usiku. Yaandikwe kwenye muhtasari. Nakala ziende kata, na kwa mwanasheria wa halmashauri ili ayatazame. Mambo yanayohitaji adhabu, kama faini kwa asiyeitika, yafanywe sheria ndogo ya kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, ili asitokee mtu wa kutoza faini kwa kinywa chake.

Usidhani vijiji vya Tanzania havijawahi kuandikiana namna hii. Wilayani Kiteto, katika miaka ya 2010, vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa viliandikiana juu ya kutumia malisho kwa pamoja, vikaliita eneo lao OLENGAPA kwa kuunganisha majina ya vijiji hivyo. Walitumia Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inaruhusu vijiji kupatana juu ya ardhi wanayoitumia pamoja. Kama wafugaji wa vijiji vile waliweza kupatana juu ya malisho, ambayo huleta ugomvi kila mahali, sisi tutashindwaje kupatana juu ya kuzima moto?

Liko jambo ambalo vijiji haviwezi kulimaliza vyenyewe, nalo ni vyombo vya halmashauri. Gari la wagonjwa lililo karibu nawe laweza kuwa la halmashauri ya pili. Greda la kutengeneza njia iliyokatika laweza kuwa kilomita chache tu, lakini ng'ambo ya mpaka. Hapo wanaopaswa kupatana ni Wakurugenzi na Mabaraza ya Madiwani. Sheria ile ya 1982 inaruhusu halmashauri mbili au zaidi kuunda kamati ya pamoja kwa jambo linalowahusu wote. Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa Namba 6 ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Kwa hiyo mahali pa kulipeleka neno lako pako. Muulize mwenyekiti wako: kamati yetu ya maafa ni akina nani, na ilikutana lini? Muulize diwani wako: gari la wagonjwa la jirani likiitwa usiku, litakuja au litangoja barua? Uulize kabla ya mvua na kabla ya kiangazi. Diwani akiulizwa swali hilo na vijiji vitano, atalipeleka barazani.

Wapo watakaosema, "Tukiwasaidia, watazidi kuwa wavivu. Hawafyeki ukanda wa moto, wanatungoja sisi." Neno hilo lina ukweli ndani yake, na dawa yake ni kuliandika. Kila kijiji kiahidi kitafanya nini kwake kabla ya kiangazi: kufyeka ukanda kuzunguka ngitili, kuweka mapipa ya maji ghalani, kukataza kuchoma shamba bila kumwarifu mwenyekiti. Mwezi Juni viongozi wa vijiji viwili watembee pamoja mpakani, wajionee kwa macho. Atakayekuwa hajafyeka ataona haya mbele ya mwenzake, na haya ni mwalimu mzuri.

Ndugu mkulima, nafupisha. Shida ndogo humalizwa na wa karibu, na wa karibu mara nyingi yuko chini ya serikali nyingine. Huruma ipo tele kwetu, lakini huruma peke yake haijui nani anaamuru, nani analipa na nani atamtibu aliyeumia. Mambo hayo yasemwe wakati nyasi bado mbichi na watu wametulia. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukifunga kitabu hiki leo, mpigie simu mtu mmoja wa ng'ambo ya mpaka, umwulize tu: "Siku moto ukiwaka kwenu, mnataka tumpigie nani?" Hapo kazi imekwisha kuanza.

Maswali ya kuzungumza kikundini

1. Kijiji chetu kinapakana na vijiji vingapi? Kati ya hivyo, vingapi viko katika halmashauri nyingine?

2. Je, tunazo namba za simu za viongozi wa vijiji hivyo? Nani anazo, na asipokuwapo tutazipata wapi?

3. Katika kiangazi kilichopita, moto gani ulivuka mpaka? Ulianzia wapi, na nani alipata habari wa kwanza?

4. Tukiitwa usiku huu kusaidia ng'ambo, tunaweza kutoa watu wangapi na vyombo gani, na nani atabaki kulinda kwetu?

5. Mtu wetu akiumia akiwa kwao, tungependa wao watutendee nini? Je, sisi tuko tayari kuwatendea wao hivyo hivyo?